Kila sera usiyoipenda ni "ujamaa"? Wajuzi wa uchumi njooni hapa

#1 KaraniWaBajeti

Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanikera kila nikifuatilia mijadala ya sera za uchumi. Mtu akipendekeza bima ya afya kwa wote, anajibiwa "huo ni ujamaa". Serikali ikiweka ukomo wa bei ya mafuta, ujamaa. Kodi ya wenye kipato cha juu ikiguswa kidogo tu, ujamaa. Hapo mjadala umekufa. Hakuna anayeuliza tena itagharimu kiasi gani, nani atalipa na nani atanufaika.

Upande wa pili nao hawana nafuu. Kila kizuri wanakibeba: barabara ni ujamaa, zimamoto ni ujamaa, maktaba ni ujamaa, Uswidi nzima ni ujamaa. Adam Smith mwenyewe mwaka 1776 aliweka ujenzi wa miundombinu isiyomlipa mtu binafsi miongoni mwa wajibu wa mtawala. Naye tumsajili chamani?

Nilivyofundishwa mimi, ujamaa ni suala la umiliki: viwanda, ardhi, benki na migodi viko mikononi mwa nani. Kodi na bima ni mambo mengine. Mfano ninaoupenda ni Bismarck, kansela wa Ujerumani. Mwaka 1878 alipitisha sheria ya kupiga marufuku jumuiya, mikutano na magazeti ya wajamaa Ujerumani. Sheria hiyo ikiwa bado inafanya kazi, akaleta bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi (1883), bima ya ajali kazini (1884) na pensheni ya uzee (1889). Aliyewafukuza wajamaa ndiye aliyeanzisha bima ya jamii, na lengo lake mojawapo lilikuwa kuwanyang'anya wafuasi.

Swali langu: kwa nini neno hili linatumika ovyo namna hii? Watu hawajui, au wanajua na wanafanya makusudi?

#2 MkekaMmoja

Nimetandika mkeka. Ngoja waje wenyewe.

#3 SokoHuria

Mkuu Karani, hiyo maana yako ni ya kizamani. Serikali isipomiliki kiwanda lakini ikakupangia bei ya kuuzia, ikakupangia mshahara wa kulipa, halafu ikachukua nusu ya kinachobaki, hati yako ya umiliki ni karatasi tu ya kufungia droo. Siku hizi ujamaa hauji na askari wa kubandika tangazo getini. Unakuja kwa kanuni na ushuru, kidogo kidogo.

Mchumi Friedrich Hayek, mtetezi wa soko, alishaonya kwenye kitabu chake cha 1944: ukianza kupanga sekta moja, utalazimika kupanga na ya jirani yake, mpaka uhuru wenyewe unaisha. Kwa hiyo mtu akisema bima ya afya ya serikali ni ujamaa, hasemi tumefika. Anasema tunaelekea.

#4 Kumbukumbu

"Tunaelekea" ni hoja tamu kwa sababu haina siku ya kukaguliwa.

Marekani wimbo huu ni wa zamani sana. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliitwa ujamaa. Mwaka 1952 Rais Truman akihutubia Syracuse alilalamika kwamba neno hilo ni la kutishia watu, wapinzani wamelirusha kwa kila hatua iliyopigwa katika miaka 20: umeme wa umma, hifadhi ya jamii, ruzuku za bei kwa wakulima, bima ya amana benki. Mwaka 1961 chama cha madaktari kikasambaza santuri ya Ronald Reagan, wakati huo bado mwigizaji, akionya kwamba matibabu ya serikali kwa wazee ndiyo njia ya kuingizia ujamaa nchini. Mwaka 1965 mpango huo wa Medicare ukapita.

Tangu 1965 mpaka leo ni safari ndefu, mkuu Soko. Hiyo nchi inaelekea lini kufika?

#5 BintiHesabu

Kaka SokoHuria, Hayek umemkata katikati. Katika kitabu hicho hicho cha 1944 alisema haoni ubaya serikali ikisaidia kuandaa bima dhidi ya ugonjwa na ajali, mradi ushindani usiuawe. Alichokipinga ni mpango mkuu wa uchumi kuongozwa kutoka ofisi moja.

Halafu kuna utangulizi mpya wa kitabu hicho aliouandika 1976, ambao wanaomnukuu wengi huuruka. Anasema alipoandika mara ya kwanza, ujamaa ulikuwa na maana moja tu: kutaifisha njia za uzalishaji na kuziendesha kwa mpango mkuu. Kwa maana hiyo, anasema, Uswidi ilikuwa imepangwa kijamaa kidogo sana kuliko Uingereza au Austria, ingawa watu waliiona Uswidi ndiyo ya kijamaa zaidi. Sababu aliyoitoa ni kwamba neno limehamia kwenye kugawa upya kipato kwa kodi na huduma za ustawi.

Kwa hiyo hilo unalobishania na Karani, mwenyewe alishaliona nusu karne iliyopita.

#6 SokoHuria

Dada Hesabu, asante, umenisaidia. Hayek mwenyewe kakiri kwamba maana imehama. Sasa kama imehama tangu 1976, Karani anatulazimishaje turudi nayo kijijini?

Na aliendelea kusema matokeo ya njia hiyo mpya yanafanana na ya zamani, ila yanakuja polepole. Hapo mbona hukufika?

#7 BintiHesabu

Nimefika. Alisema yanakuja polepole, kwa njia isiyo ya moja kwa moja na kwa upungufu. Ndiyo maana nataka tuyapime badala ya kuyabatiza. Bado ni msimamo wake, si kipimo.

#8 Ng'ambo_ya_Bahari

Kuhusu Uswidi na wenzake. Mwaka 2015 Waziri Mkuu wa Denmark, Lars Løkke Rasmussen, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard alisema wazi kwamba nchi yake iko mbali na uchumi wa mpango wa kijamaa, ni uchumi wa soko. Alikuwa anawajibu Wamarekani waliokuwa wanaitaja Denmark kwenye kampeni zao.

Na ukikagua sera zenyewe utashangaa. Denmark, Uswidi na Norwe hazina sheria ya kima cha chini cha mshahara kwa wote, mishahara inapangwa kwa mikataba ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Uswidi imeruhusu shule binafsi kupata fedha za umma kwa kila mwanafunzi tangu 1992. Ilifuta kodi ya mirathi 2004, tena chini ya serikali ya Social Democrats, chama cha mrengo wa kushoto, ikafuta kodi ya utajiri 2007. VAT ni asilimia 25 nchi zote tatu, kwa hiyo usiambiwe ustawi wao unalipwa na mabilionea peke yao. Analipa hadi mwanafunzi anayenunua daftari.

Wanaotaka huduma za Uswidi kwa kuwatoza matajiri kumi wanadanganya. Wanaosema huduma hizo haziwezekani bila kutaifisha nao wanadanganya.

#9 Kichwa_Ngumu

Hitler alikuwa mjamaa, jina la chama chake linasema hivyo. Nimemaliza, endeleeni.

#10 Kumbukumbu

Hukumaliza, ndugu. Wajamaa wa chama cha SPD ndio pekee waliopiga kura ya kuipinga sheria iliyompa Hitler madaraka yote, Machi 1933. Wakomunisti walikuwa tayari wamezuiwa kuingia bungeni. Tarehe 2 Mei mwaka huo ofisi za vyama vya wafanyakazi zikavamiwa na kufungwa. Miaka iliyofuata serikali yake ikauza hisa za umma kwenye mabenki makubwa na kampuni ya chuma ya Vereinigte Stahlwerke, zikarudi kwa watu binafsi. Uchumi ulidhibitiwa sana kwa ajili ya vita, hilo kweli. Ila ukisoma majina ya vyama kama lebo za dawa utaumwa.

#11 Mzee wa Leja

Vijana hamjambo. Naona mnapigana na vitabu, nami niwape ya ofisini.

Nimekuwa mhasibu wa shirika la umma kwa muda mrefu, silitaji. Kila mwaka tulifunga hesabu kwa hasara. Mkaguzi anakuja, anakagua, anafika ukurasa ambapo lazima aandike kama shirika lina uwezo wa kuendelea miezi 12 ijayo. Kwa takwimu zile, jibu ni hapana. Basi mkurugenzi anapiga simu, na baada ya siku chache inaletwa barua ya wizara, aya moja, muhuri chini: serikali itaendelea kuliunga mkono shirika kifedha. Tunaiweka kwenye faili la mkaguzi, naye anafuta shaka yake. Ile barua ilikuwa inafanana kila mwaka, kilichobadilika ni tarehe na sahihi. Kuna mwaka hata tarehe haikubadilika, ikabidi irudi.

Sasa meneja anayejua barua ipo, atabana matumizi ya nini? Mchumi wa Hungary, János Kornai, alilipa jambo hilo jina la bajeti laini, na alilichambua akitazama viwanda vya nchi yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo roho ya ujamaa ninaoujua. Si nani anamiliki, ni nani anabeba hasara.

#12 KaraniWaBajeti

Shikamoo mzee wangu. Hiyo barua nimeicheka halafu nikaacha.

Ila mzee, kwa kipimo chako benki kubwa za Marekani 2008 zilikuwa za kijamaa. Bunge liliidhinisha dola bilioni 700 za uokoaji. Kampuni ya bima ya AIG serikali ilichukua asilimia 79.9.

#13 Mzee wa Leja

Marahaba. Ndiyo, nazo zilikuwa na barua yao, ila haikuandikwa mapema. Kila mtu alijua itakuja.

#14 Dereva_wa_Hoja

Hapo #12 Karani umejipiga risasi mguuni. Bandiko lako la kwanza linasema ujamaa ni umiliki. Haya, twende nayo:

AIG 2008, asilimia 79.9 ya serikali. General Motors 2009, karibu asilimia 61 ya serikali ya Marekani, hisa za mwisho wakauza Desemba 2013. Saudi Aramco, kampuni ya mafuta, mali ya serikali kwa asilimia 100 tangu 1980 mpaka ilipouza sehemu ndogo 2019. Codelco ya Chile, kampuni kubwa ya shaba: Rais Allende, mjamaa, alitaifisha migodi 1971, Jenerali Pinochet akampindua 1973, akauza mashirika chungu nzima, lakini shaba akaibakiza serikalini na Codelco yenyewe ikaundwa 1976 chini yake. Sehemu ya mauzo ilikuwa inakwenda moja kwa moja jeshini kwa mujibu wa sheria.

Kwa hiyo orodha yako ya wajamaa ni Bush, Obama, mfalme wa Saudia na Pinochet. Wapige picha ya pamoja.

#15 MkekaMmoja

Hahaha, Pinochet akae katikati.

#16 Fikra_za_Kushoto

Dereva, utani huo ulishaandikwa na Engels, mwenzake Karl Marx, tena dhidi ya watu wa upande wake. Bismarck alipotaifisha reli, wakajitokeza waliosema kila umiliki wa dola ni ujamaa. Engels akawakejeli: kama serikali kushika biashara ya tumbaku ni ujamaa, basi Napoleon na Metternich wahesabiwe miongoni mwa waasisi wake. Akaongeza kiwanda cha kifalme cha vyombo vya kauri, na hadi fundi cherehani wa kikosi cha jeshi. Bismarck alitaka reli za kusafirishia askari na mapato yasiyopitia bungeni, basi.

Swali kwetu tunaojiita wajamaa ni nani anaamua ndani ya kiwanda. Mfanyakazi ana sauti gani? Umiliki wa waziri si umiliki wa jamii. Yugoslavia walijaribu kuanzia 1950: mabaraza ya wafanyakazi yanaendesha kampuni, kampuni zinashindana sokoni. Mondragon, nchi ya Wabasque, tangu 1956 wafanyakazi ndio wenye hisa na kura, bila serikali kutaifisha chochote. Hao hawatajwi kwenye mijadala kwa sababu hawamfai yeyote. Mtetezi wa soko akiwataja atalazimika kukubali kwamba kuna ujamaa unaoishi sokoni, na mpenda dola akiwataja ataulizwa yeye anafanya nini hapo.

#17 SokoHuria

Mondragon ni kampuni za watu binafsi walioungana kwa hiari. Huo ni ubepari safi, mbona unatuibia? Na kampuni yao ya vyombo vya umeme wa nyumbani, Fagor, ilifilisika 2013 wenzake walipokataa kuendelea kuipa fedha. Mzee wa Leja, umeona? Hawakuandika barua. Ndiyo maana kundi zima halikuzama.

#18 Fikra_za_Kushoto

Kwa hiyo chombo kikiwa cha wafanyakazi na kikafanikiwa ni ubepari, kikiwa cha serikali na kikafeli ni ujamaa. Huo mchezo hata mimi ningeshinda.

#19 SokoHuria

Nanyi Moscow ilipoanguka mlisema "ule haukuwa ujamaa wa kweli". Tuko sawa bin sawasawa.

#20 Ng'ambo_ya_Bahari

Kabla hamjarushiana viti, narekebisha picha niliyoichora mwenyewe #8 isije ikabebwa vibaya na watu wa soko. Uswidi iliwahi kugusa umiliki kwelikweli. Mwaka 1976 shirikisho la vyama vya wafanyakazi liliunga mkono mpango wa mchumi Rudolf Meidner: kila kampuni kubwa itoe hisa mpya sawa na asilimia 20 ya faida yake kila mwaka, ziingie kwenye mifuko inayoongozwa na wafanyakazi. Hakuna kutaifisha, hakuna kunyang'anya pesa taslimu.

Oktoba 1983 wenye biashara na wafuasi wao waliandamana Stockholm kwa makumi ya maelfu. Sheria iliyopita mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa imechujwa mno, na serikali iliyoingia 1991 ikaivunja mifuko yenyewe.

Na Norwe, dola inamiliki asilimia 67 ya kampuni ya mafuta ya Equinor na zaidi ya nusu ya kampuni ya simu ya Telenor. Kwa hiyo Rasmussen alisema kweli kuhusu Denmark, lakini usiibebe kauli yake kama muhuri wa ukanda mzima.

#21 BintiHesabu

Mpango wa Meidner tuupigie hesabu, maana ni mtamu. Chukua kampuni yenye mtaji wa 100 na faida ya 10 kwa mwaka. Asilimia 20 ya faida ni 2, kwa hiyo mfuko unapata hisa mpya za 2. Jumla inakuwa 102, na wamiliki wa zamani wanabaki na 100 kati ya 102. Mwaka unaofuata wanapunguzwa tena kwa uwiano ule ule. Rudia, na fungu lao linafika nusu karibu na mwaka wa 35. Faida ikiwa 20 kwa mwaka badala ya 10, ni kama mwaka wa 18.

Kwa hiyo kadiri kampuni inavyopata faida zaidi ndivyo inavyohamia mikononi mwa wafanyakazi haraka zaidi. Hapo neno ujamaa lilistahili kutumika bila aibu, na wapinzani walioliita hivyo hawakukosea. Tatizo ni kwamba leo bima ya meno inaitwa kwa neno hilo hilo. Ukitumia sauti ile ile kwa moto na kwa moshi wa kiberiti, siku nyumba inaungua nani atakimbia?

#22 MwanaKatiba

Naleta sababu nyingine ambayo hamjaigusa: katiba na majina rasmi.

Sri Lanka ilifungua uchumi wake mwaka 1977 chini ya kiongozi wake Jayewardene, ikalegeza uagizaji bidhaa na kukaribisha mitaji ya nje. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ikaandika katiba mpya na kuiita nchi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kijamaa. India iliongeza neno la kijamaa kwenye utangulizi wa katiba mwaka 1976, ikafanya mageuzi makubwa ya soko 1991, neno bado lipo. Utangulizi wa katiba ya Ureno ya 1976 bado unazungumzia kufungua njia kuelekea jamii ya kijamaa, na Ureno imo Umoja wa Ulaya tangu 1986. China tangu 1992 lugha rasmi ni uchumi wa soko wa kijamaa. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 3, bado inasema ni nchi ya kijamaa, wakati benki zilizotaifishwa Februari 1967 baada ya Azimio la Arusha zilishafunguliwa ushindani wa benki binafsi tangu miaka ya 1990.

Raia wa nchi hizo akilitumia neno ovyo, kajifunza wapi? Serikali zenyewe ndizo walimu wa kwanza wa matumizi mabaya.

#23 PwaniHadiBara

Nakazia #22. Kenya nayo Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulikuwa na ujamaa wa Kiafrika kwenye kichwa chake. Ukiufungua ndani unakuta ulinzi wa mali binafsi, mitaji ya nje inakaribishwa, na fedha za maendeleo zielekezwe maeneo yenye uwezo wa kuzalisha zaidi. Yaani kila mtu kipindi kile alilihitaji hilo neno mlangoni, humu ndani ukapanga fanicha upendavyo.

#24 MwanaKatiba

Mkuu Pwani, pamoja. Nyongeza ndogo: nadhani halikuwa pambo tu kwa wote. Waliotoka ukoloni waliona ubepari una sura ya aliyewatawala, kwa hiyo neno lilikuwa tamko la kujitenga kabla halijawa sera ya bei au ya umiliki. Ukilisoma kama sera pekee utawaona wote waongo.

#25 SokoHuria

Wote mnaizunguka Venezuela kama haipo kwenye ramani. Udhibiti wa fedha za kigeni 2003, bei elekezi 2003, kutaifisha kulia na kushoto, kisha mfumuko wa bei wa kutisha. Hao walijiita wajamaa kwa kinywa chao. Huyo naye nimemsingizia?

#26 Dereva_wa_Hoja

Hujamsingizia. Ila ukitaka kujua kilichoua uchumi, tenganisha vipande. Mafuta ya Venezuela yalitaifishwa Januari 1976 chini ya Rais Carlos Andrés Pérez, miaka 23 kabla ya Chávez, huyo rais aliyejiita mjamaa, kuingia madarakani. Norwe nayo ilianzisha kampuni ya mafuta ya dola 1972. Umiliki wa dola upo kote kuwili, matokeo ni mbingu na ardhi.

Tofauti ziko kwingine. Norwe mapato ya mafuta yanaingia mfuko unaowekeza nje ya nchi, serikali inachota sehemu ndogo kwa kanuni. Venezuela ilitumia wakati bei iko juu, ikakopa juu yake, ikashikilia thamani ya sarafu kwa amri, bei ya mafuta ilipoanguka 2014 ikafidia kwa kuchapisha noti. Ukisema "ujamaa" umefunika hayo yote kwa blanketi moja, na nchi nyingine inayoshikilia sarafu kwa amri bila kujiita ya kijamaa itadhani iko salama.

Na udhibiti wa bei usiufanye alama ya chama. Agosti 1971 Rais Nixon wa Republican alizuia bei na mishahara nchi nzima kwa siku 90.

#27 SokoHuria

Nixon alikosea, na wachumi wa soko walimwambia palepale. Sera mbaya ni mbaya hata akiifanya rafiki.

#28 Dereva_wa_Hoja

Umeona? Umeipinga bila kuiita ujamaa. Na umeeleweka.

#29 SokoHuria

Usinishike shati.

#30 TimuYaNyumbani

Wakuu samahani nachepusha kidogo. Kuna kitu kimenichekesha siku zote. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani: fedha za televisheni za kitaifa zinagawanywa sawa kwa timu zote, kuna ukomo wa jumla ya mishahara tangu 1994, timu iliyofanya vibaya inachagua mchezaji chipukizi wa kwanza, na hakuna anayeshuka daraja. Soka la Ulaya aliye na pesa ananunua, asiye nazo anashuka. Kumbe Wamarekani wana ujamaa, wameuficha uwanjani!

#31 MkekaMmoja

Uzi sasa umekuwa mtamu.

#32 Fikra_za_Kushoto

Ndugu Timu, hapo umefanya kile kile ambacho Karani analalamikia. Wanaogawana ni wamiliki, mabilionea 31 na klabu moja, wamekubaliana wasishindane kwenye mapato na wabane mishahara ya wachezaji. Hata kuuza haki za televisheni kwa pamoja kulihitaji sheria ya 1961 ya kuwaondoa kwenye katazo la kula njama za kibiashara. Hilo ni shirikisho la wenye mali. Mchezaji chipukizi hachagui hata mji wa kufanyia kazi.

Kama unatafuta kinachokaribia, ni hiyo klabu moja, Green Bay Packers. Tangu 1923 iko mikononi mwa wenye hisa wa kawaida, hakuna gawio, na hakuna anayeruhusiwa kujilimbikizia hisa. Ligi imekataza timu nyingine yoyote kuiga muundo huo.

#33 TimuYaNyumbani

Sawa mwalimu. Nilikuwa natania, ila hilo la kukataza sikulijua. Shukrani.

#34 Mzee wa Leja

Fikra, nakuuliza kwa nia njema. Hao wenye hisa wa Packers wasiopata gawio, timu ikipata hasara wanachangishwa?

#35 Fikra_za_Kushoto

Hawalazimishwi, mzee. Klabu huwa inauza hisa mpya, anayependa ananunua, akijua thamani yake ni kuning'iniza cheti ukutani.

#36 Mzee wa Leja

Basi wana bajeti ngumu. Hao si wajamaa kwa kitabu changu.

#37 Fikra_za_Kushoto

Kwa kitabu changu ndio pekee waliopo kwenye ligi nzima.

#38 SokoHuria

Nami kwa kitabu changu ni kikundi cha hiari, kwa hiyo ni wangu. Sasa acheni mpira. Nimeuliza tangu #3 sijajibiwa: serikali inayochukua nusu ya mapato ya nchi bila kutaifisha hata genge, mnataka niiiteje?

#39 KaraniWaBajeti

Iite serikali yenye kodi kubwa. Kisha tuambie ni kodi ipi, inamwangukia nani, na ungekata huduma gani. Hapo nitabishana nawe hadi asubuhi.

#40 SokoHuria

Kodi ya mapato ya kampuni. Inaishia kumwangukia mfanyakazi na mlaji, siyo mwenye hisa. Anza.

#41 BintiHesabu

Hiyo fungulieni uzi wake, itajaa kurasa. Na Soko uje na makadirio mkononi, maana wachumi wanapishana sana hapo kuhusu fungu linalomwangukia mfanyakazi.